Siku ya Macho

Waliiba picha, wakaacha misumari. Nakwambia hivyo mapema usije ukanihurumia kupita kiasi, maana mwizi anayeacha misumari hajui anaiba nini. Ukuta wangu ulikuwa umejaa misumari kutoka mlangoni hadi dirishani, kila mmoja na kivuli chake kidogo. Niliingia kutoka harusini na sinia la pilau mkononi, nikasimama katikati ya chumba. Sikulia. Nilikaa chini nikala. Aliyeshiba hufikiri vizuri kuliko mwenye njaa, na pilau ya watu haimwagwi kwa ajili ya wezi.

Mimi ni Kidawa, mchoraji wa nyuso. Usidhani ni kazi ya anasa. Katika mji huu siku haziji kwa zamu: Ijumaa huweza kufuatwa na Ijumaa nyingine, Jumatatu ikapotea hata watu wakaacha kuiulizia. Na nyuso nazo hazitulii. Unalala bibi wa vijukuu, unaamka mwari. Unatoka asubuhi kijana, unarudi umepinda mgongo. Tumezoea. Mtu hupiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, na akiulizwa ni nani, hufikiri kwanza. Ndiyo maana watu huja kwangu. Namkalisha mtu kwenye kigoda, namtazama sura zake zikipita, ya utoto, ya uzee, hata ile ambayo hajaivaa bado, mpaka naiona moja iliyo chini ya zote, isiyokwenda mahali. Hiyo ndiyo naichora, juu ya kitambaa cha amerikani nilichokipaka gundi na chokaa. Siku akiamka hajijui, huitazama picha yake akasema, kumbe ni mimi, kisha akaenda zake sokoni. Wafu peke yao ndio wasiobadilika kwetu. Aliyekufa mtoto ni mtoto mpaka mwisho wa dunia, na hakuna siku itakayokosea ikamkuza.

Nachora kila kitu isipokuwa macho. Mahali pa macho napaacha peupe, na picha ya namna hiyo twaiita mgeni. Macho huja Siku ya Macho, ambayo ndiyo siku pekee ya mji huu isiyopotea njia. Hufika mara mtama unapokwisha kuvunwa. Kwa kuwa macho huchoka kwa kutazama mwaka mzima, kila karibu na mavuno mji wote huniletea picha zake, nami nayafuta yale ya zamani. Siku yenyewe ikifika, kila mtu huja na bakuli la uji, hukaa mbele ya mgeni wake, hunywa, kisha hutaja jina lake kwa kinywa chake: mimi ni fulani. Hapo ndipo natia mboni, na picha inamwona mwenyewe, naye anakwenda nayo nyumbani. Mama hasemi kwa niaba ya mwana. Mume hasemi kwa niaba ya mke. Sikuitunga mila hii. Niliipokea kwa mwanamke aliyenifunza, naye aliipokea kwa mwingine, na huyo mwingine hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwa hiyo, mwizi aliyetaka nyuso za mji mzima alihitaji kujua jambo moja tu, kwamba kabla ya Siku ya Macho zote ziko chumbani kwangu. Hilo alilijua. Jingine hakulijua, na tutalifikia.

Sasa sikiliza walivyoiba. Waliiba mchana, katikati ya harusi, mbele ya watu wote. Kwetu vyombo vya bibi harusi hupitishwa barabarani kabla ya yeye mwenyewe kupita: vitanda, masanduku, masufuria, vioo, vyote vimefunikwa kanga mpya. Wanawake husimama pande zote mbili wakipiga vigelegele, na ni utovu wa adabu kuuliza ndani ya kanga mna nini. Siku ile vyombo vilikuwa vingi kuliko kawaida. Nilisimama na wenzangu, nikasema, huyu mwali ana bahati, hebu oneni vioo anavyopelekewa. Nikapiga vigelegele, na vyangu mimi ni vigelegele, si mzaha. Vilipita mbele ya pua yangu, bapa, vya pembe nne, vimevikwa kanga nyekundu, nami nikazishangilia picha zangu mwenyewe mpaka koo likanikauka. Nikikumbuka nacheka hadi leo. Nimejaribu kukasirika bila kucheka, imenishinda.

Habari ikaenea. Majirani wakaja na mikeka, wakaitandika uani, wakaanza kukaa matanga. Mmoja alileta sukari, mwingine kahawa. Walizungumza kwa ile sauti ya chini ya msibani, wakaniambia nijikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Nikawaambia hii si kazi ya Mungu, ni kazi ya watu wenye mabega, na hapa hapana maiti. Nikachukua ufagio. Waliondoka wakinung'unika kwamba nina kiburi. Ninacho. Nilikipata kwa kazi, sikukiokota njiani.

Bi Siwatu peke yake hakuondoka. Siku ile alikuwa kikongwe, mikono inatetemeka. Huyu ni mama yake Vuai. Vuai alikaa kwenye kigoda changu akiwa mtoto wa pengo, meno ya mbele yametoka na mapya hayajaota, nami nilimchora na pengo lake kwa sababu lilikuwa zuri. Kabla ya Siku ya Macho kufika homa ikamchukua. Mgeni wake akabaki mgeni, kwani hapakuwa na wa kulitaja jina. Mama yake alikuja kila siku, iwe Ijumaa iwe Ijumaa nyingine, akakaa mbele ya picha isiyomwona. Alikwisha kunisihi nimtilie macho, nikakataa kwa sababu ya mila. Akakubali kukataa kwangu, na bado alikuja. Sasa alikuwa amekaa palepale pake akiutazama msumari.

Alisema bila kunigeukia, "Wewe umebakiwa na mkono, mwanangu. Mimi nimebakiwa na nini?"

Wote wengine ningeweza kuwaambia, rudini kwenye kigoda, nitawachora upya. Huyu sikuwa na la kumwambia. Mtu aliyechorwa yuko ardhini, na picha yake iko kwa mwizi, na mimi ninayejivunia mkono nilikuwa nimekaa nao mapajani haufanyi kitu. Hapo ndipo iliponiuma, na iliniuma kweli.

*

Picha ni ya nani? Ya aliyeichora? Lakini mimi sizihitaji, nyuso zile si zangu. Ya aliyechorwa? Lakini yeye anao uso, hata kama hautulii. Ya aliye nayo mkononi? Basi na mwizi wa kuku ndiye mfugaji.

Nauuliza mkono. Mkono haujibu, unakuna goti.

Unakumbuka nini, mkono? Shavu la muuza mkaa. Ndevu za mwadhini, upande mmoja nyingi, upande mmoja chache. Kovu la mkunga, chini ya kidevu, ambalo mwenyewe halioni. Unakumbuka vyote? Vyote. Nani alikufunza kukumbuka? Kukosea. Kufuta. Kuanza tena. Basi walichochukua ni nini? Ni nilichokwisha kufanya. Na nitakachofanya? Hakijatundikwa popote. Hakina msumari. Waje wakiibe.

Picha ni ya yule atakayeamka asubuhi akaikosa. Nilifika hapo, nikatulia, kisha sikutulia tena, kwa sababu nilimkumbuka aliyekuwa amekaa nyuma yangu.

*

Siku ya Macho ilifika kwa wakati wake, ikaikuta misumari mitupu. Haikuondoka. Ilikaa kizingitini pangu, na siku nyingine hazikuweza kuipita. Asubuhi ilikwisha, ikaja asubuhi nyingine, na bado ilikuwa Siku ya Macho. Mjini mambo yaliharibika. Waume waliingia nyumba zisizo zao wakala chakula cha watu kwa nia njema kabisa. Hakimu aliamka mtoto, na hakuwa na picha ya kumwambia kwamba ni hakimu, akaenda kucheza gololi. Watu walianza kuulizana barabarani, mimi ni nani, na walioulizwa walijibu chochote.

Ndipo alipokuja tarishi wa Mwenye Ukumbi. Mwenye Ukumbi ndiye anayetutawala kutoka lile jumba la juu ya kilima, na hakuna aliyewahi kumwona mara mbili kwa sura ile ile, wala hajawahi kukaa kwenye kigoda changu. Tarishi alisema bila haya kwamba picha ziko ukumbini, zimetundikwa vizuri kuliko nilivyozitundika mimi, ila zina kasoro: hazioni. Bwana wake alikuwa amezipanga zote kuelekea kiti chake, akakaa, akangoja kutazamwa, na nyuso za mji mzima zikamkabili zikiwa na chokaa mahali pa macho. Nikitia macho, tarishi alisema, kila picha itarudi kwa mwenyewe. Akaongeza, akimtupia jicho Bi Siwatu, kwamba hata ile ya mtoto mwenye pengo. Bwana hana shida na mila.

Niliona Bi Siwatu alivyoinuka. Asubuhi iliyofuata alikuja kwangu amekuwa msichana mdogo, nywele zimesukwa mistari, akanishika mkono kama mtoto anayepelekwa chuo cha Kurani. Hakusema twende. Alinishika tu, na tukaenda.

Ukumbi ni mrefu, sakafu inateleza, na picha zangu zilikuwa pande zote mbili. Nisikufiche, nilipoziona nilivimba kifua. Sikujua kuwa nimefanya kazi nzuri namna ile. Kwangu chumba ni kidogo, sikuwahi kuziona kwa mbali. Muuza mkaa alikuwa mfalme. Mkunga alikuwa mlima. Nilitembea katikati yao taratibu, sikuinamisha kichwa, na askari waliokuwa wamenyoosha mgongo kwa ajili ya bwana wao nadhani waliunyoosha zaidi kwa ajili yangu.

Nilimwamkia Mwenye Ukumbi shikamoo, maana adabu ni yangu na haitegemei ya mwenzangu. Nilipokuwa naanza kumwamkia alikuwa kijana mwenye ndevu changa. Alipoitikia alikuwa mzee. Alipokwisha kuitikia alikuwa mtu wa makamo mwenye kitambi. Sura zilimpita upesi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alinieleza kwa upole kwamba hakuiba, alikusanya. Mjini huko picha zilikuwa zinakaa na moshi na kuku. Kwake zina paa la vigae. Kitu ni cha anayekihifadhi. Sikumkatiza. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa natazama.

Kisha akaniambia jinsi macho yatakavyotiwa. Angekaa yeye mbele ya kila picha. Angekunywa uji yeye. Jina angelitaja yeye, lake, mara zote, ukuta hadi ukuta. Baadaye picha zingerudi majumbani kama alivyoahidi, hakuwa na haja ya kuzishika. Mtu akiamka hajijui, akaenda kujitazama, angemwona nani? Angeona uso wake mwenyewe ukimtafuta Mwenye Ukumbi.

Nikaelewa basi kwamba wizi wa harusini ulikuwa mchezo wa watoto. Nikaelewa na jambo jingine, nikalisema.

"Wewe hujawahi kuchorwa," nilimwambia. "Njoo kwenye kigoda kama wengine. Nitakuchora na wewe."

Sura zikampita mbio, mtoto, mzee, mtu mzima, mtoto, mpaka nikahisi kizunguzungu kwa kumtazama. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na kama chini yake hakuna kitu?"

"Hilo utalijua ukikaa, bwana."

Hakukaa. Kuna watu wangependa kumiliki nyuso za dunia nzima kuliko kukaa kidogo tu mbele ya wao wenyewe, na sidhani ni uovu, nadhani ni woga. Lakini woga ukipewa jumba na askari hauna tofauti na uovu kwa sisi tulio chini ya kilima. Alipiga makofi. Wakaitundua picha ya Vuai, wakaisimamisha mbele yetu, wakamletea yeye bakuli la uji na mimi brashi. Tuanze na huyu, alisema, nione mama akifurahi.

Nikaishika brashi. Nitasema ukweli: nilichovya. Kwa ajili ya muuza mkaa nisingechovya, wala mkunga, wala mimi mwenyewe hata wangenichoma. Lakini nilikuwa nimeulizwa, mimi nimebakiwa na nini, na hili lilikuwa jibu pekee nililopata. Niliinua mkono mbele ya chokaa ya jicho la kulia. Mwenye Ukumbi alikunywa uji, akafuta midomo, akafungua kinywa.

"Mwache," alisema Bi Siwatu.

Alikuwa bado msichana, lakini sauti ilikuwa ya mama. Aliuachia mkono wangu wa pili, akasogea, akaipangusa picha vumbi kwa upindo wa kanga yake, kwenye paji la uso, kwenye pengo. Kisha akamgeukia Mwenye Ukumbi, hakumtukana, hakupandisha sauti.

"Kaa naye, baba. Hakujui."

Nikairudisha brashi kwenye sinia lao. Mwenye Ukumbi alisema atatafuta mchoraji mwingine, nami nikamwambia amtafute, atamtilia makengeza. Tukatoka kati ya zile picha, msichana na mimi, mikono mitupu, na hakuna askari aliyetuzuia, kwa kuwa walikuwa wakizitazama nyuso zilizo ukutani, kila mmoja akiutafuta wake. Baadaye nilisikia mchoraji mwingine alipatikana, akatia macho yote, na yote, sijui alifanyaje, yanatazama mlango.

*

Nilirudi nikatwanga udongo mwekundu. Nikasaga mkaa, nikachuja manjano, nikachemsha gundi mpaka mtaa mzima ukanuka. Siku ya Macho ilisogea kizingitini kunipa nafasi ya kupita na ndoo. Watu walipoona moshi wakajipanga, na sikuwakalisha kwenye kigoda hata mmoja. Niliwaambia wasimame tu nje, mkono unajua. Nilichora muuza mkaa, na safari hii alikuwa mfalme tangu mwanzo, kwa sababu sasa nilijua. Nilichora kovu la mkunga likiwa refu kidogo, maana limekua. Ukisikia watu wakisema kazi ya pili haifiki ya kwanza, jua hawajawahi kuibiwa. Kazi ya kwanza niliifanya nikitumaini kwamba naweza. Ya pili niliifanya nikiwa na uhakika, na uhakika una rangi yake. Misumari ikaanza kujaa tena. Walikunywa uji, wakataja majina, wakaenda nyumbani na nyuso zao zikiwaona, na hakimu akaziacha gololi.

Msumari mmoja tu nilikuwa nauruka kila mara.

Kwa Vuai nilifunga mlango. Nilitandaza amerikani, nikapaka chokaa, nikangoja kuiona sura yake chini ya zote, kama ninavyofanya kwa walio hai. Nilitaka mtoto wa pengo. Nilimjua, ningeweza kumchora usingizini. Hakuja. Nilichora shavu, likawa shavu pana. Nikalifuta, likarudi pana. Niliweka mkaa mdomoni nipate pengo, meno yakakataa kutoka. Nikagombana na mkono wangu mwenyewe, kwa maneno, kwa matusi, mpaka nikachoka, nikauachia ufanye unavyotaka. Ulifanya. Ulipomaliza niliitundika picha, nikaogopa kufungua mlango.

Bi Siwatu aliingia na bakuli la uji. Leo alikuwa na umri wake halisi, ule ambao nimewahi kuuona mara moja tu, siku nilipomchora yeye. Nilimwambia kwamba sikuweza kumrudisha yule aliyechukuliwa. Sijui kama alinisikia. Alikaa mbele ya picha, mbele ya chokaa mbili nyeupe, akanywa uji taratibu mpaka nusu. Kisha ukafika ule wakati ambapo aliyechorwa hutaja jina lake, na hapakuwa na wa kulitaja, na mila yote niliyopokea ilikuwa imesimama nyuma yangu na mikono kiunoni.

"Huyu ni Vuai," alisema Bi Siwatu. "Mwanangu."

Nikatia mboni. Ya kulia, kisha ya kushoto. Katika kazi zangu zote hakuna ninayojivunia kama mapigo yale mawili ya brashi. Kijana wa amerikani, mwenye masharubu mapya na mabega ya mtu awezaye kubeba gunia, alimwona mama yake.

Bi Siwatu alimtazama muda mrefu, kuanzia nywele hadi shingo. Kwetu wafu hawabadiliki.

"Amekua," alisema.

Alimtundua mwenyewe, akamfunga kwenye kanga, akatoka naye barabarani mchana kweupe, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakapiga vigelegele bila kuuliza ndani mna nini. Siku ya Macho ikainuka kizingitini, ikajinyoosha, ikaenda zake. Nikaosha brashi, nikaita anayefuata.